Nani Anakuangalizia?

Shemeji yangu Badru Mwinyimvua anabeba nazi kwa baiskeli kutoka Ruaruke mpaka Bungu, na kwa kazi hiyo Mungu kamjalia mapaja ambayo mie, kaka wa mkewe, nimeyacheka sana. Siku moja klabu ya waendesha baiskeli wa Dar ilipita barabarani kwetu, akawafuata na tenga la nazi nyuma, wakashindwa kumwacha. Wao ndio waliomwazima baiskeli nyepesi na kumwingiza kwenye shindano la michezo mitatu: unaogelea baharini, unapanda baiskeli, kisha unakimbia, yote siku moja na jua lile lile. Nikamwambia hiyo si michezo, ni adhabu. Akanijibu, "Hapo si wewe unayesema, shemeji, ni kitambi."

Mwaka wa kwanza hakuifikia hata hiyo baiskeli. Kuogelea kuna muda wake. Ukichelewa kutoka majini unafungiwa lango, unavuliwa namba, unakwenda kukaa na watazamaji. Badru alitoka wa mwisho, lango limeshafungwa. Tulirudi Bungu, yeye mnyonge, akasema, "Nikifungiwa tena, basi. Nawarudishia baiskeli yao, nabaki na nazi zangu." Utani ulinikaukia mdomoni, maana nilijua anavyoupenda mchezo ule.

Hapo kila mtu akawa mganga. Huyu akasema ni saumu, kwa kuwa alifanya mazoezi Ramadhani nzima. Yule akasema ni umri. Mie nikasema halali vya kutosha, na chakula chake kikubwa ni muhogo. Mwalimu wa klabu, Ukasha, ndiye aliyemtazama majini akaona kasoro: Badru anaogelea kichwa kikiwa nje. Kichwa kikikaa juu, miguu inazama, na mtu anaburuta mwili wake mwenyewe mpaka pumzi zinamwishia. "Tia uso majini," akamwambia. Badru akitia uso, anapiga mikono miwili mitatu, kichwa kinarudi juu, macho yanazunguka huku na huku.

Ukasha alidhani ni ubishi. Sisi tuliozaliwa kule delta, mto unapoingia baharini, hatukuwa na haja ya kuuliza. Mtoni kwetu watu hawaingii majini hivi hivi. Wanawake wakienda kuchota, mmoja hachoti. Anasimama na upondo mkononi, ule mti mrefu wa kusukumia mtumbwi, anaangalia maji, wala hasemeshwi. Mrisho, kaka yake Badru, alichukuliwa na mamba siku ambayo mwangalizi aligeuka kuitikia salamu. Badru alikuwa majini pembeni yake, mtoto mdogo. Sasa mtu huyo mwambie atie uso.

Jioni moja tunakula, Badru akawa anaeleza tena habari za huo uso. Dada yangu Nasma, mkewe, akamuuliza, "Huko majini nani anakuangalizia?"

"Mama Shamsia, bahari ile haina mamba."

"Sikuuliza mamba. Nimeuliza nani anakuangalizia."

Badru akaitazama sahani yake. "Hakuna," akasema polepole.

Safari ya shindano la pili, Nasma alitoka nyumbani na upondo. Kondakta aliufunga juu ya basi huku anacheka, na mie nikaona haya. "Watu watasema tumekuja kuvua," nikamwambia. "Waseme," akajibu.

Kule ufukweni muziki ulikuwa unapigwa, watu wamevaa miwani ya jua. Dada yangu akavua ndala, akapandisha kanga, akaingia maji ya magoti, akausimika upondo wake na kutulia. Kabla ya kuanza, Badru aligeuka kumtafuta. Nasma hakumtazama, alikuwa anaangalia maji. Nikamwona shemeji yangu anashusha mabega.

Filimbi ikalia. Mwaka uliopita nilimfuata kwa kile kichwa chake, kama kifuu kinachoelea. Safari hii nilikitafuta kichwa nisikione, migongo tu na mikono. Nikampoteza. Nikaanza kusoma aya zote ninazozikumbuka. Mara mtu akainuka majini katikati ya kundi, uso mzima unachuruzika, na lango liko wazi. Alikuwa Badru. Aliikimbilia baiskeli huku analia, na mie nililia, sifichi.

Nikamwendea Nasma mbio. "Njoo, katoka! Lango halijafungwa! Twende tukamwone akipita!"

Hakugeuka. Mbele yake walikuwa wamebaki watu wachache, wageni tusiowajua hata majina, wanahangaika na mawimbi.

"Tangulia, kaka," akasema. "Bado kuna watoto wa watu majini."