Kitambaa Chekundu cha Nyangi

Nyangi tunasali naye jumuiya moja hapa Nyakunguru. Alizaliwa Itiryo, akachunga ng'ombe wa baba yake, akaolewa huku, akagonga mawe ya dhahabu kwa nyundo miaka kumi na miwili mpaka kidole gumba kikapinda. Alipofiwa na mume, Waitara mwenye duara, yaani shimo la kuchimba dhahabu, alimpa kazi ya kukaa mdomoni mwa shimo. Jenereta linanguruma, sauti ya chini haifiki juu. Kwa hiyo wachimbaji huvuta kamba nyembamba, na Nyangi ameifunga kipande chekundu cha kanga yake. Kikiruka mara moja, Nyangi anamwinulia mkono mwendesha winchi ya kupandishia mawe, isimame. Mara mbili, ivute. Kikiruka bila kukoma, kuna hatari. Miaka saba hajampoteza mtu, Mungu ashukuriwe.

Mwaka jana wakaja watu wa mafunzo ya usalama na miwani mikubwa myeusi inayofunika macho yote. Ukiivaa unaona shimo kama upo pale kweli, magari yanapita, watu wanagombana, nayo inahesabu macho yako yanakwenda wapi. Waitara akasema asiyepata cheti hakai tena mdomoni.

Mwalimu wao, Yassini, alimwamkia vizuri, akamvisha. Kazi humo ndani ilikuwa kuangalia kama ufa wa ukuta wa shimo unapanuka. Nyangi akawa anatafuta kitambaa. Alipoiona kamba alinyoosha mkono kuishika, akashika hewa. Watu wakacheka, nami nilicheka, Mungu anisamehe. Macho yake hayakutoka tena kwenye ile kamba.

Yassini akasoma majibu kwa upole, kwamba macho yalitangatanga, kisha yakaganda kwenye kamba, ufa umepanuka yeye hakuuona.

"Mwanangu," Nyangi akasema, "kamba ya humo haina mtu. Ya kwangu ina watu sita. Njoo ukae wewe."

Akamkalisha kwenye kigoda chake, kazi ikiendelea. Lori la kifusi likapita na vumbi lake. Wauza chai wakamtania mgeni kwamba anayekalia kigoda kile sharti atoe mahari ya ng'ombe kumi. Yassini akageuka kuwajibu, wampunguzie. Nyangi, amesimama nyuma yake, akainua mkono, winchi ikasimama.

"Kimeruka saa ngapi?" Yassini akauliza.

"Ulipokuwa unapunguziwa mahari."

Hata hivyo mashine ya ile miwani haikuwa na mahali pa kuandika kitambaa. Karatasi ikatoka: ameshindwa. Waitara akamwambia akapumzike nyumbani. Nyangi akajibu taratibu kwamba kesho atakuja kama kawaida.

Akaja. Akamkuta mtu mwingine, mwenye cheti, amekaa kwenye kigoda. Hakugombana naye, alisimama tu kando ya kamba. Wachimbaji sita wakamwambia shikamoo mama, kisha wakakaa chini na kofia zao, hakuna aliyegusa ngazi ya kushukia shimoni. Waitara akabembeleza, akafoka, akabembeleza tena. Ilipofika saa nne akamwinua yule mwenye cheti kwa mkono wake mwenyewe.

Ile karatasi Nyangi aliipigilia kwenye nguzo ya winchi, ukienda utaiona. Usimsemeshe tu akiwa kazini. Hatakugeukia.