Pua ya Tanuri

Fundi wetu wa tanuri nusura atulipue kiwanda kizima, tena huku anapiga mluzi.

Siongezi chumvi. Niliingia asubuhi nikakuta chumba cha tanuri kimejaa gesi, harufu inakaba koo, na yeye ameshika kiberiti anataka kuwasha.

Nilimrukia. Kiberiti kikaenda kule, mimi na yeye tukaangukia magunia ya unga.

"We dada, umerukwa na akili?"

"Gesi, baba! Ina maana husikii harufu?"

Akanusa. Akanusa tena. Halafu uso ukamshuka, nikaelewa.

Huyu mzee sote tulimwita Pua. Saa ya tanuri ilikufa siku nyingi, na tajiri aligoma kununua nyingine. Ya nini, wakati Pua yupo? Mzee alikuwa anasimama pale, ananusa, anasema "toa," na mkate unatoka umeiva sawasawa.

Sasa Pua hakuwa na pua.

"Ni unga, mwanangu," alisema, kofia mkononi, baada ya kufunga gesi na kufungua madirisha. "Nimeuvuta maisha yangu yote. Siku hizi naangalia rangi tu, nabahatisha. Nakuomba usiseme. Umri huu nikitoka hapa, nani ataniajiri?"

Nikamwambia sitasema. Mdomo ulisema hivyo. Moyo ulikuwa na mambo yake.

Maana mimi na mwenzangu mmoja tulikuwa mezani, tunafungasha. Kiwandani kwetu wanaume walikaa tanurini, wanawake mezani, na mshahara wa tanuri ulikuwa mara mbili ya ule wa meza. Niliwahi kwenda kuomba tanuri. Tajiri alicheka mpaka akakohoa.

"Moto si kazi ya mwanamke."

"Nyumbani kwako jiko anawasha nani, bosi?"

Tangu siku hiyo akanibatiza jina, Mdomo.

Basi tukakubaliana na mzee. Kati ya meza yetu na tanuri palikuwa na kidirisha cha kupitishia mikate. Harufu ikikolea, mimi nagonga trei kwa kijiko. Yeye anasema "toa." Kwisha.

Na ilifanya kazi, jamani! Malalamiko ya mkate mbichi yakaisha. Nikigonga tu, Kifua, lile jitu letu la kukanda unga, anadakia, "Mmh, huo umeiva huo!" Tajiri naye, ambaye alianzia maisha kwenye tanuri hilohilo na hachoki kutukumbusha, anampiga Pua begani. "Pua ni pua tu!"

Mimi nipo dirishani nafunga mifuko, nimenuna.

Niseme ukweli, roho haikutulia. Nalala nageuka, naamka nawaza. Kazi naifanya mimi, sifa anapata mwingine, mshahara ndiyo usiseme. Mama yangu ni mgonjwa, dawa zake zinatoka pale mezani. Kuna siku nilifika hadi mlango wa ofisi kwenda kumwaga mtama, nikamkumbuka mzee na kofia yake mkononi, nikarudi. Kesho yake nikafika tena, nikarudi tena. Nilikuwa kama kuku anayetaka kutaga.

Halafu tajiri akaniita.

"Mdomo, biashara ni mbaya. Mezani nabaki na mtu mmoja. Mwenzako amekutangulia kazini, kwa hiyo wewe leo ndiyo mwisho."

"Na tanurini unapunguza nani?"

"Tanurini sigusi. Nikimgusa Pua, tunafunga."

Neno lilikuwa hapa, kwenye ncha ya ulimi. Nikatazama nje ya mlango wa ofisi, nikamwona mzee anafuta jasho. Nikalimeza. Lilikuwa chungu hilo neno!

Nikarudi mezani kumalizia siku, peke yangu, mwenzangu alikuwa ametoka kupeleka mikate dukani. Mifuko inanichanikia. Awamu ya mwisho ilikuwa motoni, na harufu ikaanza kupanda, ile tamu tamu. Ikakolea.

Nikashika kijiko.

Nikakiweka chini.

Kama leo ndiyo mwisho wangu, basi waanze kuzoea. Na wala sikuwa na nia mbaya sana. Kifua yuko pale, tajiri mwenyewe amesimama kando ya tanuri anaongea na simu. Nikajua kuna atakayesikia. Lazima.

Harufu ikageuka kali. Pua ananitazama kwa kidirisha, macho yananiomba. Kifua anaimba zake. Tajiri anacheka na simu.

Hakuna aliyeshtuka!

Nikadhani wananifanyia mzaha. Mpaka moshi ulipowaingia machoni, ndipo wakakurupuka kufungua. Mkate wote ulikuwa mweusi tii.

Wote watatu wakageuka. Hawakulitazama tanuri. Walinitazama mimi.

"Mbona hukugonga?"

Aliyeuliza hakuwa Pua. Alikuwa tajiri.

Kifua akamgeukia taratibu. "Bosi... kumbe na wewe husikii?"

"Kwani wewe unasikia?"

Kifua akainama. Pua alianza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini. Kumbe unga uliwala pua wote watatu, na kila mmoja alimficha mwenzake. Kifua alikuwa anausubiri ufundi wa tanuri, asingethubutu kusema. Tajiri aliona aibu, mwenye kiwanda cha mikate asiyeijua harufu ya mkate. Wote walikuwa wanaitegea sikio trei yangu.

Na bado alitaka kunifukuza! Alifikiri anayegonga ni yule mwenzangu, mpaka alipokiona kijiko mbele yangu.

"Haya," tajiri akasema, haniangalii usoni. "Unataka nini?"

"Tanuri. Na mshahara wa tanuri."

"Na Pua?"

"Anabaki, kwa mshahara wake. Mikono yake bado inaujua moto, atanifundisha. Na barakoa kwa kila anayegusa unga."

"Na saa?"

Saa? Nina wazimu? Saa sikuidai.

Leo mimi ndiye ninayesema "toa." Barakoa naitoa wakati wa kunusa tu. Na hofu ipo, sidanganyi. Kila asubuhi, kabla hata ya kumsalimia mama, nanusa sabuni. Wiki iliyopita nilishikwa na mafua, sikusikia kitu, nikalia kama mtoto mpaka yalipoachia.

Wewe unayesoma hapa, kama kuna mahali unagonga trei na sifa zinakwenda kwa mwingine, usijichoshe kupiga kelele. Siku moja weka kijiko chini, utulie, uone nani atageuka kukutazama.