Mbegu za Mbio

Wenzangu wa enzi zile kule Ushetu mtanishuhudia: shujaa wa mchezo wetu hakupakuliwa kwenye simu. Alizaliwa mavumbini, nyuma ya bani la kukaushia tumbaku, kwa mbegu za mkwaju tulizosugua upande mmoja kwenye jiwe mpaka ukawa mweupe. Unachimba vishimo vinne: Nguvu, Mbio, Akili, Maneno. Unapewa mbegu kiganja kimoja tu, ugawe mwenyewe. Kaka yangu Masanja, mkubwa wetu, ndiye aliyesimulia safari ya kwenda kutafuta dhahabu Geita. Ukikutana na chatu, unarusha mbegu zako za Mbio. Weupe ukitokea hata kwenye moja, umepona.

Mama akipita na ungo wake alikuwa akitucheka: "Mungu hakupi vyote, wanangu." Nani amsikilize? Nilijaza zote kwenye Nguvu, Akili nikaiacha tupu, na shujaa wangu akatumbukia kwenye shimo la kwanza alilokutana nalo. Walinicheka hao!

Sasa Masanja alikuwa na sheria yake: gawa kama ulivyo. Siku moja akaja Kabula, binti wa jirani, aliyetembea kwa fimbo kwa sababu mguu wake mmoja ulikuwa dhaifu tangu kuzaliwa. Akamimina zote kwenye Mbio.

"Wee Kabula, mbio hizo umezitoa wapi?" Masanja akauliza.

Kabula akaanza kupapasa fimbo yake, na roho iliniuma, maana nilijua akiondoka harudi tena.

"Kuwa Kabula nimekuwa tangu asubuhi," akasema. "Hapa nimekuja kucheza."

Masanja akakuna kichwa. "Haya bhana, kila mtu agawe apendavyo."

Chatu akaamka. Kabula akarusha: weupe tele! Ndoo ya mchanga wa dhahabu shujaa wake hakuweza kuiinua, hiyo ikawa kazi yangu na misuli yangu isiyo na akili. Lakini mbio! Masanja akasimulia Kabula anavyoruka korongo, anavyoupita mji wa Kagongwa, mbwa wanabaki nyuma. Njaa ilituuma na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Wanangu nikiwasimulia wananionea huruma. Mashujaa wao wana nguvu mia, akili mia, kila kitu mia, kisha wanalalamika mchezo hauna utamu. Utamu utoke wapi, ng'wanawane, mwanangu, kama hukunyimwa kitu? Sikatai, mashujaa wa simu wanakimbia vizuri zaidi, kweli gete. Ila sijamwona mtoto akiweka simu chini huku anahema kama Kabula alivyohema jioni ile, naye hakuwa ameinuka pale alipokaa.