Msiba wa Waestonia Ambao Haukuwepo

Kosa lilikuwa langu. Nalisema mapema ili watu wa kanisa letu waache kulisimulia wanavyotaka.

Sisi Warundi wa East Side tulikuwa tunasali alasiri katika kanisa la wazee wa Kiestonia, Walutheri wachache waliobaki hapa Buffalo, Marekani. Wao husali asubuhi, kimyakimya, kana kwamba Mungu amelala chumba cha pili. Kuimba wanajua, hilo siwapunji, lakini wimbo ukiisha husikii hata amina. Mwenyekiti wao, mzee mrefu, mjane, anayekaa kitongoji cha Amherst, alikuwa ameshalalamikia ngoma zetu mara mbili. Mwezi ule baraza lao lilikuwa liamue kama tubaki au tuhame, na hatukuwa na pa kwenda.

Ndipo mzee huyo akanipigia simu, mimi katibu wa kwaya. Akauliza kama tungeweza kuwasaidia kuimba makaburini Jumapili, maana waimbaji wao wamezeeka. Nikakubali kabla hajamaliza. Sikuuliza nani amekufa. Kwetu hakuna mtu mwenye akili timamu anayekwenda kuimba makaburini bila maiti. Nikatangaza msiba.

Tulifika watu thelathini, nguo nyeusi, na sufuria mbili za maharagwe ya wafiwa. Akina mama walianza kulia getini, kama inavyotakiwa. Ndani tukawakuta Waestonia na mashati yao mepesi ya kiangazi, wanapanda maua na kupitisha reki makaburini. Jeneza halikuwepo. Kumbe kila mwaka hukusanyika hivyo kuwaimbia wafu wao wa zamani, kisha wanakunywa kahawa. Nilitamani ardhi inimeze, na kusema kweli nilikuwa mahali pake.

Nikaanza kunyamazisha watu mmoja mmoja. Bibi mmoja tu alinishinda. Alikuwa ameshapiga magoti kwenye kaburi lililosafishwa vizuri, analia huku akilitaja jina lililoandikwa kwenye jiwe. Mwenyekiti akaja na reki yake mkononi. Lilikuwa kaburi la mke wake. Nikaanza kufikiria gari la nani litabeba ngoma zetu.

"Anamlilia nani?" akauliza.

Nilikuwa na uongo mzuri tayari, lakini ukweli ukautangulia. "Mkeo. Bibi hamjui. Amesoma jina tu."

Akaegemea reki yake. Kisha akaniambia kwamba siku ya mazishi hakulia mtu, hata yeye mwenyewe. Waliimba beti zote, wakarudi nyumbani. Nikamwonea huruma, na hilo lilinikera, kwa sababu nilikuwa nimezoea kumchukia. Nikainama kumwinua bibi.

"Mwache," akasema. Akanyoosha reki kuelekea mawe yaliyoota kuvu kule nyuma. "Na mwakani mje mapema. Wale pale hawana mtu."