Ngome ya Kanuti

Enzi zetu pale Ifakara, nyie watoto wa simu, kompyuta tuliyoijua ilikuwa moja tu, nyumbani kwa padri, kubwa kama jeneza na inanguruma kuliko mashine ya kukoboa mpunga. Kila Jumamosi mimi na rafiki yangu Kanuti, miguu ikinuka matope ya majaruba ya mpunga, tulikwenda kucheza nayo sataranji. Sisi tulizoea drafti ya vizibo vya soda. Ikatupiga mpaka nzi wakatuonea huruma.

Padri alitueleza siri ya kompyuta ile. Ukiiamuru itazame hatua mbili mbele, hujibu papo hapo. Hatua nane, unaweza kulima ekari nzima ukarudi. Ila ina jedwali la kumbukumbu: mpangilio wa kete iliokwisha kuupigia hesabu haiurudii, hata ikiufikia kwa njia nyingine. "Uende Kiberege kwa baiskeli au kwa mguu," alisema, "Kiberege ni ileile."

Basi tukaamini inazidi kuerevuka kila Jumamosi. Kumbe jenereta la padri likizimwa, jedwali lote linafutika! Hilo nililisikia ukubwani, shule ya jioni. Nilicheka peke yangu darasani.

Halafu nikaikumbuka Jumamosi ya mwisho. Kanuti alikuwa anahamia Malinyi na baba yake, na lori lilikuwa linawahi pantoni ya kuvuka mto pale Kivukoni. Mchezoni tulikuwa hoi. Ghafla akaitoa ngome, kete yetu kubwa ya mwisho, iliwe bure.

"We Kanuti, umerogwa?"

"Tulia, bwana. Iweke hatua nane. Itatuambia yenyewe kama nina wazimu."

Ikafikiri. Lori likapiga honi. Ikafikiri. "Kanuti!" baba yake akafoka nje. "Pantoni si ya mjomba wako!" Jenereta likakohoa, dizeli ikaisha, kioo kikawa cheusi.

"Haidhuru, itakumbuka," Kanuti akasema, akikimbia. "Nikija tutaikuta na jibu. Usicheze bila mimi!"

Masika yaleyale homa ikamchukua, hukohuko Malinyi.

Juzi nimezipanga kete zile kwenye simu ya mwanangu. Hakuna hata moja niliyoisahau. Simu ikajibu kabla sijanyanyua kidole: ile ngome ilikuwa ushindi.

"Mbona rahisi, baba," mwanangu akasema, akairudisha simu kwenye video zake.

Siku hizi jibu halichelewi. Enzi zetu lilichelewa mno, ila alikuwapo wa kumwambia.