Mwegea wa Kisiwa cha Nyarombo

Kila Alhamisi asubuhi Jacinta alijitwika sanduku la bati, akashuka nalo hadi kwenye banda la samaki la Asembo Bay, akalifunga kwa mnyororo kwenye nguzo ili kila mwenye neno juu ya mradi wa kisiwa aje alitumbukize. Sanduku lilikuwa na kufuli mbili. Ufunguo mmoja ulikaa shingoni mwake pamoja na rozari. Wa pili ulikuwa kwa Naeema, afisa wa mradi, binti wa mtaa wa Kondele aliyekuja kila wiki kutoka Kisumu na faili zake ndani ya begi la turubai. Bila funguo zote mbili sanduku halikufunguka, na Jacinta aliipenda sana kanuni hiyo.

Cheo chake kiliandikwa kwenye kitambulisho alichoning'iniza kifuani: Karani wa Malalamiko. Mwanzoni wachuuzi wa omena walimcheka. Yaani watu wamekosa kazi ya kumpa mtu mzima hadi wakamwajiri akusanye manung'uniko, na Asembo nzima manung'uniko hayajawahi kuadimika? Alicheka nao, kisha akayaandika. Kabla ya kuolewa alikuwa amefundisha darasa la tatu miaka sita bila cheti, na mwandiko wake ulikuwa wa kuvutia. Hata baada ya kufiwa na mume, barua za kanisa bado aliziandika yeye.

Mradi wenyewe ulikuwa wa Nyarombo, kile kisiwa kidogo unachokiona ukisimama ufuoni mwa ziwa. Panya walioingia na mashua walikuwa wakiyala mayai ya yangeyange na mnandi mpaka ndege wakabaki wachache. Mradi ulitaka kuwamaliza panya kwa chambo cha sumu, kung'oa vichaka vya kigeni na kujenga nyumba ndogo ya walinzi. Lakini kanuni zake zilidai kwamba kwanza waulizwe wote wanaokitumia kisiwa, na asidhulumiwe mtu kwa ajili ya ndege. Hapo Jacinta alifanya kazi ya kusifiwa. Wanawake wanaokata matete walikuwa karibu wasahauliwe. Akawaandika wote ishirini na mmoja, wakaachiwa upande wa kusini. Wavuvi walipohofia sumu majini, alisimama nao kidete mpaka chambo kikawekwa ndani ya visanduku, mbali na maji. Na ndege walipoanza kutaga, ni yeye aliyeandika kibao kwa Kiswahili na kwa Dholuo: USIPIGE KELELE KARIBU NA VIOTA.

Sasa mtu makini namna hiyo alikosea vipi? Alikosea kwenye swali la kumi na nne la fomu yake mwenyewe.

Swali liliuliza kama kuna watu waliozikwa kisiwani. Alilipeleka nyumba kwa nyumba, na kila nyumba ikajibu hakuna. Shemeji yake Gordon, mwenyekiti wa ufuo, hakufikiri hata mara mbili. "Hakuna mtu iko huko," alisema. "Andika hakuna." Akaandika. Na ukiwauliza hata leo, watakuapia kwamba hawakudanganya.

Miaka tisa nyuma, Okinyi, mwana wa pekee wa Jacinta, alitoka Nyarombo na mashua siku ya upepo mkali, hakurudi. Mashua iliokotwa imepinduka. Alitafutwa siku nane. Siku ya tisa wazee wa ukoo wakafanya wanavyofanya Wajaluo mwili usipopatikana: walichuma yago, tunda la mwegea, refu na zito kama mtoto mchanga, wakalizungushia shati lake, wakalizika kwa niaba yake. Na kwa kuwa maji yalimchukua akitokea Nyarombo, walikataa mauti hayo yaletwe bomani. Wakalizika hukohuko, kwenye kiwanja tambarare nyuma ya kibanda alicholala msimu wa uvuvi.

Wanawake wote walipiga nduru siku ile. Jacinta hakupiga. Alifumbata mikono kifuani, akatazama tunda likifukiwa, akajiambia kwamba lile ni tunda tu. Okinyi yuko mahali. Labda yuko upande wa Uganda, labda aliokolewa na watu wasio na simu. Miaka tisa alijiambia hivyo, na kila Jumamosi alikitandika kitanda cha kijana shuka safi. Nyarombo hakukanyaga tena. Hata habari za matete alizikusanyia bara.

Basi swali la kumi na nne lilipomfikia, angejibu nini? Kwa ukoo, yago si mtu. Kwa mama, Okinyi si marehemu. Aliandika hakuna, akapiga mstari chini yake kwa rula.

Jumanne moja ramani ya ujenzi ikabandikwa ukutani mwa banda, na siku saba za kutoa pingamizi zikaanza kuhesabiwa. Jacinta aliwasomea wauza samaki kwa sauti, kama kawaida yake. Akafika kwenye mraba mwekundu, pale patakapochimbwa msingi wa nyumba ya walinzi. Ulikuwa kwenye kile kiwanja tambarare. Pembeni yake paliandikwa: Mwegea mmoja, mchanga, utakatwa; badala yake itapandwa kumi.

Aliacha kusoma. Pale walipozika hapakuwa na mti. Yago lilikuwa limeota, na yeye hakujua.

Alimkuta Gordon akiziba nyufa za mashua kwa pamba na nyundo.

"Shemeji, wanaenda kuchimba kwa Okinyi."

"Nimeona hiyo ramani," Gordon akajibu bila kuinua kichwa.

"Basi sema. Si wewe ndio mwenyekiti?"

"Nitasema nini? Mimi nilisema hakuna, nikaweka sahihi. Wewe ukaandika. Hawa wa mradi wakisikia tulidanganya hapa, watauliza kama ile ya matete pia ni uongo. Wale wamama watanyang'anywa upande yao. Nyamaza tu, nyar Alego," akamwita kwa jina la kwao alikozaliwa. " Tutaenda tuchote udongo kidogo tulete nyumbani."

"Udongo ya nini, na mti imeota?"

Nyundo ikasimama. Gordon naye hakujua; kwenye ramani aliona mraba tu, na kiwanja kile hakukikanyaga tangu siku ya mazishi. Ndiye aliyelishika tunda lile upande wa kichwa lilipoteremshwa shimoni. "Imeota?" aliuliza. "Wuoi!" Akaketi juu ya ukingo wa mashua, akajipangusa uso kwa kofia, wala hakusema tena habari ya udongo.

Siku mbili hizo Jacinta alikosa raha kabisa. Aliona haya, na chini ya haya kulikuwa na hasira: hasira kwa karatasi, kwa wazee, kwa ziwa, na zaidi kwa ule mwandiko wake mzuri. Aliwafikiria wale wanawake ishirini na mmoja. Aliufikiria mti. Alhamisi alifika bandani kabla ya wengine, akatumbukiza karatasi yake, fomu ya pingamizi la kaburi, akakaa kumngoja Naeema.

Walifungua sanduku pamoja. Ndani kulikuwa na karatasi moja tu.

"Mama Jacinta, hii ni mwandiko yako," Naeema alisema.

"Ni yangu. Soma."

Naeema akasoma, akainua macho. "Yago ni nini?"

Samaki wa ziwa hili alikuwa amewala tangu utotoni, lakini kwao Kondele walikuwa Waislamu wa mjini, na jambo hilo hakuna aliyewahi kumweleza. Jacinta akamweleza pole pole, kama anayefundisha darasa la tatu. Kisha akavua kitambulisho, akakiweka juu ya sanduku.

"Kosa ni yangu, sio ya watu. Mimi ndio niliandika hakuna. Wamama wa matete msiwaguse. Kama ni kazi, chukueni."

Naeema aliisoma karatasi upya. "Sisi tuliuliza kama kuna watu wamezikwa," alisema. "Tungeuliza kuna nini huko mnaheshimu." Akaigeuza karatasi. "Lakini Mama, hapa hujajaza."

Kidole chake kilikuwa kwenye mstari wa juu: Jina la marehemu.

Mengine yote Jacinta alikuwa ameyajaza: hatua ngapi kutoka majini, nani alichimba, mwaka gani. Mstari huo alikuwa ameuruka mara tatu.

"Siwezi andika tu mtoto wangu?"

"Mama, wataniuliza amekufa ama amepotea. Na bila jina, watasema ni mti tu. Ya mti washajibu. Watapanda kumi."

Jacinta alichukua kalamu, akairudisha, akaichukua tena. Herufi ya kwanza ilitoka imepinda na hakuifuta. Aliandika jina la Okinyi, akaandika na la baba yake, kisha akasogeza karatasi haraka ng'ambo ya sanduku. Naeema alikiokota kile kitambulisho, akamvika shingoni.

Nyumba ya walinzi ilihamishiwa upande wa mawe. Matete hayakuguswa na mtu. Ila karani aliyekosea hakuachwa hivihivi: alitakiwa arudie swali la kumi na nne kila nyumba, kwa maneno mapya, na aseme mwenyewe kwa nini anarudi. Alisema. Nyumba mbili za kwanza zilimtajia mayago mengine, na katika ya pili mama mwenye nyumba alimshika mkono kwa muda mrefu asiuachie.

Ijumaa ya mwisho wa mwezi, saa nne asubuhi, Gordon aliwavusha yeye na Naeema ili wazungushie mawe meupe pale mahali. Mwegea ulikuwa umeshafikia urefu wa paa, umening'iniza maua mekundu yaliyokolea. Kwenye vichaka vya jirani yangeyange walikuwa wamelalia mayai, na kibao cha Jacinta kilisimama hatua chache kutoka kwenye shina.

Aliweka jiwe la kwanza, akaweka la pili. La tatu lilimponyoka. Akaushika mti kwa mikono miwili, na nduru aliyoizuia miaka tisa ikamtoka kwa nguvu zake zote. "Okinyi wuoda! Mwanangu! Okinyi wuoda yawa!"

Gordon alishtuka, akaelekeza kidole kwenye kibao. "Shemeji, ndege..."

"Mwache, Baba," Naeema alisema. "Mwache alie."

Ndege wote waliruka. Walizunguka juu ya maji, wakakaa huko kitambo, kisha wakaanza kurudi viotani mmoja mmoja, na yeye alikuwa bado anamlilia mwanawe.