Mama Gunia, fundi wa harusi anayepima sherehe kwa taka

Saa kumi na mbili asubuhi. Mlango wa nyuma wa ukumbi uko wazi, na mwanamke aliyekunja suruali hadi magotini anapokea wageni wa kwanza wa harusi ya leo. Hawasalimii. Hawawezi.

"Huyu wa nani?" anauliza, akiinua kopo la rangi lililooteshwa mmea wa majani mapana.

"Wa fundi cherehani," anajibu mumewe, akisoma maandishi ya chaki chini ya kopo.

"Mpeleke meza ya tatu. Na huyu?"

"Wa mwalimu mstaafu."

"Huyo mbele kabisa! Mwaka jana nilimweka karibu na choo, mwenye mmea akaninunia wiki mbili."

Makopo, ndoo zilizotoboka na sufuria zilizostaafu zinaingia moja baada ya nyingine, kila chombo na mmea wake. Yote ni ya majirani, na kesho asubuhi yatarudi barazani kwao. Katika ukumbi huu hakuna ua la plastiki, hakuna puto, na ole wake atakayeingia na zile karatasi za kumetameta za kurushia maharusi.

Mwanamke huyu ana miaka arobaini na sita. Jina alilopewa na wazazi wake lipo kwenye kitambulisho, linapumzika. Mtaa mzima unamwita Mama Gunia.

Kwa miaka tisa alikuwa mfagiaji wa ukumbi huuhuu. Watu huikumbuka harusi kwa gauni au kwa mjomba aliyecheza mpaka suruali ikapasuka. Yeye huikumbuka kwa magunia ya taka aliyobeba kesho yake.

"Ile ya bwana harusi aliyelia? Magunia kumi na moja," anasema bila kusitasita. "Ya keki ya ghorofa saba? Kumi na tisa. Na ghorofa tano zilikuwa povu la kufungashia televisheni, limepakwa sukari. Waliokaa nyuma mpaka leo wanadhani walinyimwa."

Na karatasi za kumetameta?

"Usinikumbushe. Maharusi wameshapata mtoto wa pili, mimi bado nachokonoa za kwao kwenye nyufa za sakafu."

Mzaha huo una kidonda ndani yake. Magunia yalikuwa yakirundikwa nyuma ya ukumbi kusubiri gari la taka, ambalo huja likijisikia. Mvua ikinyesha, taka huingia mtaroni na mtaro huziba. Nyumba anayopanga Mama Gunia iko mita arobaini kutoka hapo, upande wa mteremko.

"Siku moja niliamka maji yamefika kwenye godoro," anasimulia. "Juu yake yanaelea maua ya bi harusi niliyemfagilia juzi yake. Nikamwambia mume wangu, hawa watu hawakutualika harusini, lakini harusi yao imetufuata kitandani."

Miaka miwili iliyopita, binti wa dada yake mkubwa alipopata mchumba, alimwendea mama yake mdogo na ombi moja: ampangie harusi. Mama Gunia alikubali, kisha akaenda moja kwa moja ofisini kwa meneja. Nafasi ya mratibu wa sherehe ilikuwa wazi kwa miezi mitatu. Aliitaka.

Meneja, mzee mcheshi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, anakiri kwamba siku hiyo alicheka mpaka akaivua.

"Nilimwambia, mama, harusi isiyo na taka ni supu isiyo na maji," anasema. "Akanijibu, 'Nipe gunia moja tu. Harusi nzima, watu mia mbili. Likijaa likabaki hata kijiko nje, narudi kwenye ufagio na sitaisema tena habari hii. Likitosha, nafasi ni yangu.' Nikampa mkono. Nilijua nimeshinda."

Familia ikaingia kazini. Mwaliko ulikuwa sauti ya babu wa bi harusi, iliyorekodiwa kwenye simu pamoja na kikohozi chake chote. Gauni lilikuwa la mama wa bi harusi, likapunguzwa kiunoni na kuongezwa adabu mgongoni. Vitambaa vya meza vilikuwa mashuka ya ukoo yaliyopigwa pasi. Moja lilikutwa na mhuri wa hospitali, na hakuna aliyetaka kueleza lilivyofika nyumbani. Likapangiwa meza ya mashemeji.

Na kila mgeni aliambiwa aje na kikombe chake. Baba mdogo wa bi harusi alikuja na jagi la lita mbili.

"Mlisema kikombe, hamkutaja kimo," alijitetea, akapita.

Mambo yalikuwa yanateleza kama siagi mpaka saa nne asubuhi, gari liliposimama mlangoni na kumshusha shangazi wa bwana harusi. Alikuwa na maputo mia mbili ambayo hayajapulizwa na katoni thelathini za maji ya chupa ndogo.

"Mkwe wangu!" alimwita Mama Gunia, mikono juu. "Nimesikia harusi haina hata puto. Nikasema, hapana, tutachekwa. Nimeleta mshangao!"

Mshangao ulimpata aliyekusudiwa. Mama Gunia anasema alipiga hesabu papo hapo: chupa mia saba na ishirini, magunia sita. Hatima ya nafasi aliyoililia ilikuwa imesimama mlangoni, inatabasamu, imevaa kilemba cha dhahabu. Kuzikataa zawadi ni kumtukana mkwe mbele ya ukoo wake. Kuzipokea ni kurudi kwenye ufagio.

"Dada yangu alininong'oneza, 'Pokea tu, ugomvi wa wakwe haufagiliki,'" anakumbuka. "Nikapokea. Nikapiga na vigelegele."

Kisha akamshika shangazi mkono, akampeleka jikoni na kumwonyesha masufuria mawili makubwa ya chai.

"Mkwe, maji tunayo, tumechemsha madumu na madumu," alimwambia. "Lakini nina aibu moja. Sukari niliyonunua haifiki popote. Watu mia mbili watakunywa chai ya mkojo wa mbuzi, na watasema ni ya upande wenu."

"Upande wetu?" shangazi akaruka. "Kwa nini upande wetu?"

"Watu hawakosi la kusema."

Haikuchukua dakika tano. Shangazi mwenyewe alirudisha maputo na katoni dukani zikiwa hazijafunguliwa, akabadilishana na muuza duka kwa sukari. Aliporudi, mshereheshaji alitangaza kwa kipaza sauti, mara tatu, kwamba utamu wa chai ya leo umeletwa na shangazi wa bwana harusi. Ukumbi ukalipuka. Shangazi akasimama, akazunguka ili kilemba kionekane pande zote.

Mama Gunia hakuishia hapo. Alimkabidhi gunia lenyewe.

"Nilimwambia, mkwe, wewe ndiye mtu pekee ninayemwamini humu ndani. Lilinde."

Kuanzia hapo hakuna aliyepumua. Shangazi alikaa kando ya gunia kama askari wa benki.

"Wewe! Hilo ganda la ndizi unalipeleka wapi? Ndoo ya kuku ile pale!" alisikika akimfokea mtu, aliyekuja kutambulika kuwa ni bwana harusi.

Sherehe ilipokwisha, meneja alifika na miwani yake. Alikagua chini ya meza. Alikagua choo. Akaona ndoo nne za mabaki ya chakula mlangoni, macho yakamng'aa.

"Na hizi?"

"Hizo si taka," Mama Gunia akamjibu. "Hicho ni kifungua kinywa." Mfuga kuku wa jirani alikuwa ameshasimama nje na mkokoteni.

Meneja akaliendea gunia. Shangazi akalifungua taratibu. Lilikuwa limefika nusu.

"Nusu!" shangazi akapaza sauti. "Mzee, andika nusu! Na sehemu kubwa ya hiyo nusu ni tishu za kina mama waliolia!"

Meneja hakuandika kitu. Alitoa funguo za ukumbi mfukoni, akaziweka kwenye kiganja cha Mama Gunia, akavua miwani. Safari hii hakuwa anacheka.

Harusi ya leo ni ya ishirini na nne tangu siku ile. Mshahara umepanda mara mbili na nusu, na mfagiaji mpya wa ukumbi anamaliza kazi kabla chai haijapoa. Mtaro wa nyuma haujaziba msimu wa mvua uliopita wala huu. Godoro ni kavu. Shangazi huja kila harusi, hata asikoalikwa, na kukaa palepale kando ya gunia.

Rekodi mpaka sasa ni robo gunia. Mama Gunia anataka harusi ambayo gunia litaondoka kama lilivyokuja, limekunjwa. Ameshaipangia tarehe, mwezi ujao, na ameshachagua maharusi: yeye na mumewe, mlinzi wa ukumbi huu, huyu anayepanga makopo. Walifunga ndoa miaka kumi na tisa iliyopita, ofisini, mbele ya mashahidi wawili, wakarudi nyumbani kwa miguu. Sherehe hawakuwa na uwezo nayo.

"Sasa kama hakuna taka, gunia la nini?" mumewe anamuuliza, kopo la mwisho mkononi.

"Ndilo lililotufikisha hapa," anasema Mama Gunia. "Litakaa mstari wa mbele, tumbo tupu, na sisi tutakula kwa niaba yake."